Nyumba ya miezi tisa, dhamana ya nani?

*"Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni, ndani ya mradi wa nyumba za kampuni. Mwenye nyumba alikabidhiwa funguo na kampuni Agosti mwaka jana, sasa amehamishiwa kazi Dodoma na anaiuza kwa milioni 160. Anasema nyumba ina dhamana ya mwaka mzima, kwa hiyo tusihangaike. Benki imeshatuma mthamini na ripoti yake haina tatizo. Ila nimeona nyufa nyembamba juu ya dirisha la sebule, na doa la rangi ya chai kwenye dari ya stoo. Mwenye nyumba anasema ni 'nyumba inajiweka sawa'. Dada yangu yuko Leicester, anasema kwao nyumba mpya ina dhamana ya miaka 10 hata ikiuzwa. Je, tukinunua, dhamana hii inakuwa yetu? Na tukikuta tatizo baada ya Agosti, tunamlilia nani?"*

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, maana nahisi muuzaji anakupigia simu kila jioni. Hapana, dhamana hiyo haiwi yenu kwa kununua nyumba tu. Inaweza kuwa yenu, lakini kwa karatasi, na karatasi hiyo hutafutwa kabla fedha hazijatoka. Mkishalipa, muuzaji yuko Dodoma na kampuni haiwajui.

Neno lenyewe "dhamana" ndilo linalotuponza. Ukinunua friji unapewa kadi, na friji likizingua unarudi dukani na kadi yako. Tunadhani nyumba nayo ina kadi yake imefichwa mahali. Haina. Kilichopo ni kifungu ndani ya mkataba wa kampuni na mnunuzi wa kwanza, kile ambacho sisi wa ujenzi tunakiita kipindi cha matazamio. Kwa kawaida huwa miezi 6 au 12 tangu siku ya makabidhiano, na ndani yake kampuni inaahidi kurudi kurekebisha kasoro zilizotokana na kazi mbovu au vifaa vibovu. Ahadi hiyo ina saini mbili, na yenu haimo. Kwa kanuni ya kawaida ya mikataba, asiye upande wa mkataba hana cha kudai. Ile sheria ya mauzo ya bidhaa inayomsaidia mnunuzi wa friji nayo haiwafikii, kwa sababu inahusu vitu vinavyohamishika.

Angalia pia saa inaanza kuhesabu lini. Mwaka wa dhamana ulianza Agosti iliyopita, siku funguo zilipotolewa. Hautaanza upya siku mtakayosaini ninyi. Sasa ni Mei, imebaki miezi mitatu, na uhamisho wa nyumba wenye mkopo wa benki unaweza kuimaliza yote.

Dada yako wa Leicester hajakosea. Uingereza nyumba nyingi mpya huuzwa zikiwa na bima ya miaka 10, na inayojulikana zaidi ni ile ya NHBC, taasisi yao ya viwango na bima za nyumba mpya. Miaka 2 ya mwanzo mjenzi mwenyewe anawajibika kurekebisha, kisha miaka 8 inayofuata bima inabeba uharibifu mkubwa wa vitu kama msingi, kuta na paa. Bima hiyo imefungwa kwenye nyumba, ndiyo maana hupita kwa mnunuzi wa pili na wa tatu. Ufaransa wao waliiweka kwenye sheria ya nchi tangu 1804: mjenzi anawajibika miaka 10. Sisi tulirithi sheria ya mikataba ya Waingereza kupitia India, lakini kuwa na bima ya namna hiyo nyuma ya kila nyumba mpya si utaratibu wetu. Na msije mkachanganya na bima ambayo benki itawataka mkate. Hiyo ni ya moto na majanga. Ukuta uliojengwa vibaya haumo.

Kuhusu mthamini wa benki, nitasema kwa upole kwa sababu nina marafiki huko. Kazi aliyotumwa ni kuiambia benki kama nyumba ikipigwa mnada itarudisha mkopo. Anapima eneo, anapiga picha, analinganisha na bei za jirani, anaangalia hati. Hapandi darini, hagongi marumaru, hafungui chemba. Kwa hiyo ripoti yake kutokuwa na tatizo maana yake ni kwamba benki iko salama.

Sasa tuje kwenye nyufa, maana hapo ndipo muuzaji anasema ukweli nusu.

Ni kweli nyumba mpya hujiweka sawa. Zege, tofali za saruji na plasta hujengwa vikiwa na maji mengi kuliko yanayohitajika kugandisha saruji. Maji ya ziada hutoka taratibu kwa miezi, na kila yanapotoka kitu husinyaa. Tofali zilizofyatuliwa na kujengwa kabla hazijakauka, bila kumwagiliwa ipasavyo, husinyaa zikiwa tayari ukutani. Matokeo yake ni nyufa nyembamba kama unywele, mara nyingi zimesambaa kama ramani ya mito. Hizo ni za plasta, zinaishia kwenye plasta. Fundi anazikwangua, anajaza, anapaka rangi. Ndiyo sababu kipindi cha matazamio cha miezi 12 kina maana kuliko cha 6: nyumba inapita kiangazi, vuli na masika, inalowa na kukauka mzunguko mzima, na siri zake zinatoka.

Lakini kuna ufa mwingine unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, wakati mwingine ukifuata ngazi za tofali. Huo hauko kwenye plasta peke yake. Ama lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, haikuingia vya kutosha ukutani pande zote mbili, ama upande mmoja wa nyumba umeshuka kuliko mwingine. Udongo nao una tabia zake. Mchanga, ambao ndio ardhi ya sehemu nyingi za Kigamboni, hushuka mapema, mzigo unapowekwa; mpaka nyumba inaezekwa, kushuka kwingi kumeshakwisha. Mfinyanzi hushuka pole pole kwa miaka, na kila masika unavimba, kila kiangazi unasinyaa. Kibaya kuliko vyote viwili ni kifusi kilichomwagwa kwenye bonde kikasawazishwa bila kushindiliwa. Nyumba juu ya kifusi hicho "haijiweki sawa", inazama.

Utatofautishaje bila mtaalamu? Chukua kadi yako ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Kama haiingii kwenye ufa, na ufa hauna mshazari, pumua. Ikiingia kwa urahisi, chukua penseli, piga alama pale ufa unapoishia pande zote mbili, andika tarehe, piga picha kadi ikiwa pembeni. Rudi baada ya wiki tatu. Ufa uliopita alama ya penseli una habari zaidi ya kutoa. Ufa ukifika milimita 5, wahandisi huacha kuzungumza habari za kujaza na kupaka; tunatafuta chanzo. Najua methali ya ufa na ukuta imeshakujia kichwani. Iache kwanza, maana wenye nyumba wengi wamebomoa plasta nzima kwa hofu ya ufa wa kukauka tu.

Doa la stoo linanisumbua zaidi ya dirisha. Rangi ya chai hutokea maji yanapopita kwenye vumbi na mbao za paa kabla ya kufika kwenye jipsamu. Lisogelee na tochi, tazama kingo zake. Ukiona mduara mmoja, huenda ni ajali ya siku moja: fundi bomba aliacha koki, ikarekebishwa. Ukiona miduara ndani ya miduara, kama ukikata mti, dari imelowa na kukauka mara nyingi. Hilo ni paa linalovuja kila mvua.

Uliza paa ni la aina gani. Kama ni hizi nyumba za kisasa za kuficha bati nyuma ya ukuta, basi nenda moja kwa moja kwenye gata. Mtindo huu unapendeza kwenye picha, ila maji yote ya paa hukusanywa kwenye mfereji mmoja nyuma ya ukuta, na majani mawili ya mwembe yakiziba tundu, maji hayana pa kwenda ila ndani. Uliza pia tangi la maji liko wapi na aliliweka nani. Kama mwenye nyumba aliongeza tangi la lita 2,000 juu ya stoo baada ya kukabidhiwa, ameongeza tani mbili ambazo mchoraji hakuzipigia hesabu. Hapo kampuni itasema ufa na uvujaji si wao, na pengine itakuwa sahihi. Mikataba mingi huiondoa dhamana pale mwenye nyumba anapobadilisha kitu.

Una bahati moja kubwa: mnanunua masika. Nendeni siku mvua inanyesha, au asubuhi yake. Muuzaji atawaambia njooni kukikauka, mkatae kwa adabu. Mwaka juzi niliitwa Mbezi na kijana aliyekuwa anunue nyumba ya ghorofa moja, ina miaka miwili. Dari chini ya bafu la juu ilikuwa nyeupe kuliko dari nyingine zote, na rangi bado inanukia. Mwenye nyumba akasema amepaka ili mgeni akae pazuri. Nikaomba tambara, nikaziba tundu la maji la bafu la juu, tukafungulia mpaka maji yakafika kina cha vidole viwili, tukaondoka tukafunga mlango. Kesho yake asubuhi kulikuwa na tone moja limening'inia kwenye ile dari nyeupe. Tulisimama watatu tukilitazama, hakuna aliyesema kitu, mpaka likaanguka. Bei ikashuka siku ileile.

Kagua na mengine ya haraka: gonga marumaru kwa sarafu, iliyoshika vizuri ina mlio mzito, yenye uwazi chini inalia kama chungu, fungua koki zote kwa pamoja, mwaga ndoo chooni huku mwenzio amefungua chemba nje, tazama chini ya kuta kama kuna unga mweupe wa chumvi. Huo unga ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka chini. Karibu na bahari uulize na mchanga uliotumika ulitoka wapi, kwa sababu chumvi ikifika kwenye nondo inaleta kutu, kutu inavimba na kupasua zege, na hilo halionekani mwaka wa kwanza. Kwa maneno mengine, dhamana ya mwaka mmoja haikulindi dhidi ya ugonjwa wa mwaka wa saba, hata ukiwa nayo mkononi.

Sasa, mfanye nini? Ninyi hamna haki dhidi ya kampuni. Muuzaji anayo, mpaka Agosti. Na muuzaji anahitaji fedha yenu. Kwa hiyo tumieni saini yake wakati bado anawahitaji.

La kwanza, mwombeni aandike leo barua kwa kampuni akiorodhesha kila kasoro mliyoiona, na picha zake, na apate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Simu na ujumbe wa WhatsApp kwa fundi wa kampuni si taarifa, hata kama fundi amejibu "sawa boss". Mikataba mingi huhesabu siku ya kuripoti: kasoro iliyoandikiwa Julai kampuni italazimika kuirekebisha hata ikifika Septemba. Iliyoonekana Julai lakini ikaandikwa Septemba imeshapotea. Someni kifungu chenu wenyewe, msiniamini mimi, maana kila kampuni ina maneno yake. Na kama muuzaji hataki kuwaonyesha mkataba wake na hati ya makabidhiano, hilo pekee ni jibu.

La pili, pateni karatasi ya kuhamisha haki. Wakili wenu aandike kwamba muuzaji anawakabidhi haki zake zote chini ya mkataba ule, na kampuni isaini kukubali kuwa inawatambua kwa muda uliobaki. Wakati mwingine mkataba unakataza kuhamisha haki bila ridhaa ya kampuni, ndiyo maana saini ya tatu ina thamani kubwa. Kampuni yenye jina la kulinda huwa haileti shida, hasa kama bado ina nyumba za kuuza mtaa huohuo. Ombeni pia matengenezo yatakayofanywa yapewe kipindi chake kipya cha matazamio, japo miezi 6. Mtaambiwa haiwezekani. Ombeni tu.

La tatu ni fedha. Serikali inapojenga barabara, haimlipi mkandarasi yote. Hushikilia sehemu mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Ninyi mnaweza kufanya vivyo hivyo: 5% ya bei, yaani milioni 8, ibaki kwa wakili kwa miezi 6, na mkataba useme wazi itatumika kwa nini na itaachiwa lini. Niwe mkweli, wauzaji binafsi wengi hukasirika wakisikia hivi, na huyu anayehama anazitaka fedha zote mkononi. Benki nayo huenda isikubali mkopo ugawanywe, kwa hiyo iulizeni mapema. Mkishindwa, mwiteni fundi bora akadirie gharama za gata na dari, mkate kwenye bei mchezo uishe. Kati ya njia hizi mbili mimi hupenda ya kukata bei. Fedha iliyo kwa wakili ina namna ya kuleta ugomvi siku ya kuachiwa.

Ombeni na makabrasha yote: kibali cha ujenzi, michoro, cheti cha dawa ya mchwa kama kipo, risiti za EFD za mabati, pampu, hita na tangi. Viwanda vingine hutoa dhamana ya bidhaa zao inayozidi kwa mbali ile ya nyumba, na bila risiti hakuna anayekusikiliza. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishaliona. Jina la mkandarasi lihakikishwe kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Sajili ina madaraja kuanzia la saba hadi la kwanza, na inafaa kujua aliyejenga yuko wapi.

Umeuliza baada ya Agosti mnamlilia nani. Hapa kuna kosa la upande wa pili: watu hudhani kipindi cha matazamio kikiisha, kampuni imenawa mikono. Kinachoisha ni ile haki rahisi ya kupiga mlango na fundi akaja. Kuvunja mkataba ni jambo jingine, na Tanzania Bara muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6. Ndiyo faida kubwa ya ile karatasi ya kuhamisha haki: mnapaswa kuiandika ihamishe haki zote za mkataba, isitaje matazamio peke yake. Bila karatasi, mtabaki na madai ya uzembe, ambayo muda wake ni miaka 3 na njia yake ina miiba. Mwaka 1990, katika shauri la Murphy dhidi ya Halmashauri ya Brentwood, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa kumfidia mwenye nyumba hasara iliyotokana na msingi mbovu wa nyumba yenyewe. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila wakili wa kampuni hatakosa kuuchomoa.

Kwa muuzaji mwenyewe mna mlango mmoja: akiwadanganya. Ndiyo maana neno lake kwamba doa ni "nyumba kujiweka sawa" liingie kwenye mkataba, pamoja na tamko kwamba hajui uvujaji wala marekebisho mengine ya paa. Kunyamaza kwake pekee mara nyingi hakutoshi, na Sheria ya Mikataba haimwonei sana huruma mtu ambaye angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Ninyi doa mmeshaliona. Hamwezi kusema hamkujua.

Kuna vitu vya kutokujibiwa kwa barua kama hii. Ufa wa mshazari unaopitisha kadi, milango iliyoanza kukwama yenyewe, ufa wowote kwenye nguzo au boriti, maji ya rangi ya kutu yanayotoka kwenye zege, sakafu inayoshuka pembeni: mwiteni mhandisi aliyesajiliwa na bodi yao, aje na ngazi, apande darini, awape ripoti iliyosainiwa. Asiwe aliyependekezwa na muuzaji wala dalali. Wakili naye awe wenu, hata kama wa muuzaji "anaweza kuwasaidia wote".

Kama kampuni itakataa kuwatambua, muuzaji akakataa kuandika barua, na doa la stoo likawa na miduara minne, mimi ningeondoka. Ila kabla ya kuondoka Kigamboni kabisa, piteni ofisi ya mradi muulize kama kuna nyumba ambayo haijauzwa. Itawagharimu zaidi kidogo, lakini miezi 12 itaanza siku yenu, na mkataba mtausaini wenyewe.